Mgeni Bila Kitambulisho

Kama kuna mtu aliyezaliwa alinde geti, basi ni Weldon Kipchirchir wa Ndabibi. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama kwenye lango moja kule Olkaria, mabomba ya mvuke yakinguruma nyuma yake, na hakuna kiumbe aliyepita bila kuulizwa. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umekuja kumwona nani? Kitambulisho kiko wapi? Aliwauliza madereva wa malori, akawauliza wahandisi, na siku moja akamuuliza mkubwa wake mwenyewe, aliyekuwa amesahau kadi nyumbani. Akamrudisha Naivasha kuichukua. Mkubwa alinuna njia nzima kwenda na kurudi, kisha wiki iliyofuata akamsifu mbele ya walinzi wote.

Sasa mtu wa namna hiyo, ungemwambia kwamba siku moja ataingia kwenye mlango wa wenyewe bila jina wala sura, angekuona umerukwa na akili. Lakini mapenzi ya mzazi yakikorogwa pamoja na woga hutoa uji wa ajabu, na Weldon aliunywa wote.

Chanzo chake kilikuwa simu. Binti yake Jepleting, wa miaka kumi na minne, alirithi simu ya mamake, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Mamake, Chepkirui, alimkabidhi kwa masharti: simu italala sebuleni kwenye kabati ya vyombo, haitaingia chumbani, na haitaguswa kabla ya kazi ya shule kwisha. Jepleting aliyakubali yote bila kunung'unika, jambo ambalo si la kawaida kwa mtoto wa umri ule. Aliyakubali kwa sababu alikuwa na shughuli.

Yeye na wenzake wa chama cha mazingira walikuwa na ukurasa wao kwenye Facebook, wakiuita Macho ya Ziwa. Watoto wa Ndabibi, wa Kamere na wa nyumba za wafanyakazi kule Olkaria walipiga picha za ndege wa Naivasha, wakaziweka pale, kisha kila mmoja akaandika jina la ndege yule kwa lugha ya kwao. Huko ndiko Jepleting alikopata rafiki yake Akeyo wa Kamere, ambaye mamake hukaanga samaki karibu na ufuo. Akeyo alikuwa na picha ya furukombe, yule tai wa ziwa mwenye kichwa cheupe, akiiba samaki kutoka kwenye beseni la mamake, na chini yake maneno ambayo Jepleting aliyacheka mpaka akatokwa na machozi.

Mwalimu wao, Wamalwa, ndiye aliyeshika funguo za ukurasa huo, na alikuwa amewawekea sheria chache. Usiweke picha ya sare ya shule. Usiseme unakaa wapi. Mtu usiyemjua akibisha hodi, muulize. Na usipomwelewa, usibishane naye. Mpeleke kwa mtu mzima unayemwamini, siku hiyo hiyo.

Weldon hakuzijua sheria hizo kwa sababu hakuuliza. Hilo ndilo kosa lake la kwanza, na ni la ajabu kwa mtu ambaye mshahara wake wote unatokana na kuuliza. Yeye aliona tu binti yake akiketi mezani jioni, akiinamia simu, akicheka kicheko ambacho babake hakujua kimetoka wapi. Zamani vicheko vyote vya mtoto yule yeye ndiye aliyevileta nyumbani. Kiliingia kitu kifuani mwake ambacho hakukipa jina, lakini mimi nitakipa: wivu, na nyuma ya wivu, hofu.

Hofu aliipata kazini. Mlinzi mwenzake, Kamande, alikuwa hodari wa kusimulia mabaya. Kila asubuhi alikuja na msichana mpya aliyedanganywa mtandaoni, leo ni wa Gilgil, kesho ni wa Molo.

"Boss," Kamande akamwambia mchana mmoja, magari yamekauka barabarani, "na huyo msichana wako, unajua anaongea na nani huko kwa simu?"

"Anaongea mambo ya ndege."

"Ndege hawana bando. Ni watu anaongea nao."

Chai ya Weldon ilipoa mkononi.

"Unajua vile wazazi wajanja wanafanya?" Kamande akaendelea. "Unafungua akaunti, unajifanya kijana. Unambishia. Ukiona anafungua haraka, unajua kuna shida. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, leta simu."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bravin. Alizaliwa kwenye kibanda cha walinzi, akiwa tayari na miaka kumi na mitano, na kwa uso akapewa picha ya pikipiki nyekundu. Hakuwa na rafiki hata mmoja, hakuwa na ndugu, na baba zake wawili walikuwa wamevaa sare na viatu vya kazi.

"Sasa mwandikie," Kamande akasema.

Weldon akainama, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayetoa miiba: *Habari za mchana. Natumai hujambo pamoja na jamaa wote hapo nyumbani.*

Kamande alisoma, akashika kichwa. "Wacha! Unaandika kama chief! Watoto hawaongei hivyo. Andika niaje. Hiyo tu."

Weldon akafuta, akaandika *Niaje*. Akaliangalia neno lile. Lilisimama pale peke yake, halina adabu, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kuvua kofia. Moyo wake haukukubali. Kamande alipogeuka kufungulia lori lango, Weldon akaongeza neno moja la kwao, *Chamgei*, salamu ambayo Mkalenjin humpa mwenzake hata kama wana ugomvi. Akatuma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Weldon alikuwa ameshaanza kuchimba.

Jibu halikuja mchana kwa sababu simu ya Jepleting ilikuwa kabatini pamoja na sahani. Lilikuja jioni, Weldon akiwa nyumbani, ameketi sebuleni akisubiri chai. Binti yake alikuwa mezani, amemaliza hesabu, ameshika simu. Mara mfuko wa suruali ya babake ukalia.

"Baba, simu," Jepleting akasema bila kuinua macho.

"Ni hawa watu wa kampuni tu na matangazo yao." Akainuka. "Wacha nimwangalie Chelel."

Chelel alikuwa ng'ombe wao, mweupe, mpole, na hakuwa na shida yoyote iliyohitaji kuangaliwa. Weldon akasimama zizini, akaficha mwanga wa simu kwa kofia, akasoma.

*Poa. We ni nani? Sikujui.*

Akafurahi. Ndiyo, mwanangu, hivyo hivyo, muulize! Karibu aimbe. Akaandika: *Mimi Bravin. Napenda ndege.*

*Ndege gani?*

Hapo Bravin alikwama. Weldon amezaliwa Ndabibi, amekua akiwafukuza ndege kwenye ngano ya babake, lakini kwa wakati ule hakuna hata mmoja aliyekubali kuja kichwani mwake. Kando ya mguu wake kulikuwa na kitu kinadonoa makombo ya lishe ya ng'ombe. Akaandika: *Kuku.*

Kutoka sebuleni akasikia binti yake akicheka kwa sauti. Naye akatabasamu gizani, mjinga yule, kwa kuwa mwishowe kicheko kimoja kilikuwa chake tena.

Wangekomea hapo, hadithi ingekuwa ya mzaha tu. Lakini ukimjibu mtu "kuku" leo, kesho utataka kujua alionaje. Jioni ya pili Weldon akaenda tena kumwangalia Chelel, na jioni ya tatu pia. Chepkirui akamwambia jirani kwamba mumewe siku hizi anampenda ng'ombe kuliko alivyowahi kumpenda mtu.

Jioni hiyo ya tatu Jepleting aliandika hivi: *Ile siku ya kwanza ulisema Chamgei. We ni Mkale?*

*Ndio.*

*Tiondo?*

Weldon akasimama wima. Kwa asiyejua, tiondo ni mnyama wa ukoo. Kuna ukoo wa simba, kuna wa tembo, kuna wa korongo, na Wakalenjin wawili wakikutana ugenini hawajamaliza kusalimiana mpaka wamejua hilo, kwa sababu hapo ndipo mtu hugundua kwamba mgeni ni ndugu, au shemeji, au mtu asiyeweza kumwoa kamwe. Weldon mwenyewe ndiye aliyemfundisha Jepleting swali hilo, akiwa bado anabebwa mabegani. Akamfundisha na la pili: hapa hakuna mzaha. Jina unaweza kubadilisha, nyumba unaweza kuhama, lakini anayemkana tiondo wake amewakana waliomzaa.

Bravin angeweza kuandika simba. Angeweza kuandika tembo na kulala usingizi mzuri. Weldon alipeleka kidole kwenye herufi ya S, kidole kikakataa. Alikuwa amedanganya jina, umri, sura na mapenzi ya ndege, na hakuona haya. Lakini hapa mkono ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Mwisho akaandika ukweli, kwa sababu hakuweza kuandika kingine.

*Nyuki.*

Chelel akatafuna. Kisha ujumbe ukaingia.

*Sisi pia ni nyuki. Basi we ni ndugu yangu. Ngoja nimwambie baba, yeye anajua watu wote wa nyuki kutoka hapa mpaka Ravine.*

Na kabla hajalimaliza neno la mwisho, akasikia mlango wa nyumba ukifunguliwa.

"Baba! Uko kwa ng'ombe?"

Weldon alifanya alichoweza. Alitumbukiza simu ndani ya ndoo ya lishe, akafunika kwa mkono, akasimama kama mtu anayekoroga. Jepleting akaingia zizini, akamwonyesha kioo kilichopasuka.

"Baba, kuna kijana ananiandikia. Anasema anaitwa Bravin. Anasema ni wa nyuki."

"Wa nyuki," Weldon akarudia. Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Mwanzo nilicheka, anasema anapenda ndege na anataja kuku. Lakini simwelewi. Hana marafiki. Hana uso, ni pikipiki tu. Mwalimu Wamalwa alituambia mtu kama huyo usibishane naye, umpeleke kwa mtu mkubwa unamwamini. Ndio nikakuja."

"Mama yako je?"

"Mama ako jikoni. Lakini wewe ndio unajua kuuliza watu, Baba. Hiyo ndio kazi yako."

Nawaambia, Weldon aliwahi kuumwa na nyuki wenyewe, kundi zima, akiwa kijana, na hakusikia uchungu kama ule. Alikuwa ametaka kujua kitu kimoja tu: binti yake akibishiwa na mwongo, atakimbilia wapi? Sasa alikuwa amejibiwa. Alikimbilia kwake. Na mwongo alikuwa yeye.

"Unafikiri ni mtu mbaya?" akauliza.

Jepleting akafikiri. "Sijui. Lakini kama ni mtu wetu kweli, na ananidanganya, hiyo si ni mbaya zaidi? Nitaamini nani sasa?" Akazima simu. "Nimemwambia Mwalimu. Na nimeamua siweki picha tena mpaka tujue ni nani. Hata yule mdiria niliyemwahidi Akeyo picha yake Jumamosi, atafute mtu mwingine ampigie."

Mdiria yule, ndege mdogo wa buluu ambaye huja kwenye tangi la maji asubuhi, Jepleting alikuwa amemvizia kwa majuma. Weldon alilijua hilo vizuri.

"Wacha nichunguze," akasema, akabaki na mkono ndani ya ndoo.

Siku iliyofuata Kamande alipopewa habari alicheka mpaka akakaa chini. "Si ufute tu? Bravin amekufa, mazishi hakuna."

"Nikimfuta, yeye atabaki akimtafuta," Weldon akasema. "Kila mtu wa nyuki atakayekutana naye, atajiuliza kama ndiye."

"Sasa utamwambia? Mtoto? Utakuwa umeshuka, boss. Mzee haombi mtoto msamaha."

Kamande alisema yale ambayo wazee wengi wa pande zetu huyasema, na Weldon mwenyewe alikuwa ameyasema mara nyingi. Wakati huo gari dogo likasimama getini, na dereva, fundi aliyepita pale karibu kila siku, akateremsha kioo.

"Wazi mzee, nifungulie, nimeacha kadi. Si unanijua?"

"Nakujua," Weldon akasema, "na nakupenda. Lakini lazima useme wewe ni nani." Maneno yalipomtoka akayasikia kwa masikio yake mwenyewe. Akamrudisha fundi wa watu, kisha akasimama akiangalia mvuke ukipanda juu ya vilima, na roho yake ikatulia kidogo, kama mtu ambaye ameshaamua kwenda kung'olewa jino.

Jumamosi asubuhi alimkuta Jepleting ameketi kwenye kigogo karibu na tangi. Mdiria alikuwa amekuja. Alitua kwenye mfereji, akachovya mdomo majini, akang'aa kwa jua, na simu ilikuwa mapajani mwa msichana, haijainuliwa. Kumwona mtoto akiangalia kitu anachokipenda huku amejinyima kulimchoma Weldon kuliko lawama yoyote.

Akaketi kando yake. Alikuwa amejiandaa kusema, amepanga maneno tangu alfajiri akikamua, lakini ulimi ukagoma. Basi akatoa simu yake, bado ina vumbi la lishe kwenye kingo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, mbele ya macho ya binti yake. Jepleting akatazama kidole kile kikitafuta herufi. Akatazama pikipiki nyekundu iliyokuwa juu ya kioo. Kisha simu yake mwenyewe ikalia mapajani.

*Mimi ni baba yako. Nilitaka kujua kama uko salama. Nimekukosea.*

Mdiria akaruka. Jepleting alisoma, akasoma tena.

"Kuku," hatimaye akasema.

"Ndiye niliyemwona karibu."

Mdomo wa msichana ulitaka kucheka, lakini macho yalimtangulia, yakajaa. "Mimi niliogopa, Baba. Kwenda shule nilikuwa naangalia kila kijana ana pikipiki nyekundu. Ungeniuliza tu! Ningekuonyesha kila kitu. Simu inakaa na vikombe, Baba. Haina hata password."

Hilo ndilo lililommaliza. Ile simu haikuwa na kufuli. Jioni zote zile, kabati ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake, na yeye akaenda kuruka ua wa nyuma akijiita Bravin.

"Nimekosa," akasema, safari hii kwa mdomo. "Naomba unisamehe. Kuuliza wageni najua. Kuuliza mtoto wangu niliona haya."

Jepleting akapangusa uso kwa mkono wa sweta. Hakusema amesamehe. Alichukua simu, akaiweka mahali ambapo babake angeona, akabonyeza, na Bravin wa pikipiki nyekundu akafungiwa nje kwa milele na milele.

"Huyo ameenda," akasema. "Ukitaka kuingia Macho ya Ziwa, ombi ni kwa jina lako. Na uso wako."

Chepkirui alipopashwa habari alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. "Ndio maana ng'ombe alikuwa anapendwa hivyo!" Akacheka mpaka akaegemea mwimo wa mlango, kisha akamgeukia mumewe bila kicheko. "Na ukirudia, utahamia huko kwake."

Weldon aliomba kwa jina lake, akaweka picha aliyopigwa kanisani, amevaa tai. Ombi lake likakaa. Jumamosi ikapita. Jumapili wakaenda ibada, wakarudi, wakala, bado limekaa. Akamwona binti yake mezani na simu, akakohoa.

"Naona bado niko nje."

"Uko getini," Jepleting akasema, uso mkavu. "Unangojea supervisor."

Supervisor mwenyewe alikuwa Mwalimu Wamalwa, kwa kuwa habari za Bravin zilikuwa zimeshamfikia, na Jepleting alishikilia kwamba aliyezianzisha akazimalize. Basi alasiri moja Weldon akaenda shuleni na sare zake, akasimama mbele ya chama cha mazingira, watoto wa Kamere na Olkaria nao wamealikwa, akakiri. Alieleza jina, pikipiki, zizi, ndoo ya lishe. Alipofika kwenye kuku, darasa lilivunjika. Msichana mmoja mwembamba wa mbele alicheka hadi akaangusha daftari.

"Huyo ni Akeyo," Jepleting akamnong'oneza babake.

"Mzee, swali," Akeyo akasema, akijikaza. "Sisi wengine hatuna tiondo. Mtu akitudanganya, tutamshika na nini?"

Weldon akashika mkanda wake, kama afanyavyo kazini. Hilo alilijua. "Uliza kitu ambacho mtu wa kweli hawezi kushindwa kusema, na mwongo ataona uzito. Wewe ni wa nani, nani anakujua, kwa nini umekuja kwangu na si kwa mwalimu wangu. Mgeni mzuri haogopi maswali. Hata anafurahi. Ukiona amekasirika kuulizwa, ama anakwambia iwe siri, usimfungulie, hata kama ni mimi." Akasita. "Hasa kama ni mimi."

Wakampigia makofi. Mwalimu Wamalwa akamwomba awe anakuja kila muhula, na tangu siku hiyo watoto wote wa upande ule wa ziwa humwita Mzee Kuku. Ukimwita Weldon mbele yao hageuki hata. Ukimwita Mzee Kuku utamwona na meno yote nje.

Jioni hiyo Jepleting alimsimamisha mbele ya meza. "Jina?"

"Weldon Kipchirchir."

"Tiondo?"

"Nyuki."

"Umekuja kumwona nani?"

"Binti yangu. Na ndege."

Jepleting, kwa ruhusa ya Mwalimu, akabonyeza, na mzee akaingia. Siku ya pili tu akaweka picha yake ya kwanza, njiwa aliyetua juu ya bomba la mvuke, nzuri ajabu, isipokuwa kwamba chini yake alikuwa amening'iniza kadi yake ya kazi ili watu wajue mpigaji ni nani. Ilikaa muda mfupi. "Baba, huwezi kuweka kitambulisho mtandaoni!" akafokewa, ikaondolewa, akaagizwa apige nyingine. Alipiga. Mdiria naye aliwekwa, na majina yake yakaja kwa lugha zaidi ya nilizozijua mimi.

Ningeweza kuishia hapo, kila mtu ameshiba na kucheka. Lakini Weldon alikuwa na swali ambalo hakumwambia mtu. Alijua amesamehewa. Hakujua kama ameaminiwa, na hayo ni mambo mawili. Mtoto anaweza kukucheka, akakuitikia, akakukaribisha kwenye ukurasa wake, na siku ya shida yenyewe akapita mlango wako kimyakimya akaenda kwa mwingine. Kila jioni alipokwenda kukamua aliacha mlango wa zizi wazi, akijiambia ni kwa ajili ya hewa.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza alipozisikia gambuti za binti yake kwenye tope. Jepleting akasimama mlangoni, simu mkononi, uso hauna mchezo.

"Baba. Kuna mwingine. Anajiita Travis. Anasema atanitumia simu mpya nikimtumia picha zangu, na nisiambie mtu."

Weldon akaweka ndoo chini. Hasira ilimpanda, kisha ikapitwa na kitu kingine, kikubwa zaidi, kilichomfanya ageuze uso kwa Chelel kidogo.

"Umemjibu?"

"Hapana. Nimekuja."

"Kwangu?"

Jepleting akamwangalia kama mtu anayeulizwa mbingu iko upande gani. "Sasa niende kwa nani?"

Weldon akapangusa mikono kwenye koti, akavuta kile kibao cha kukamulia akamkalisha, yeye akachuchumaa kando. Wakapiga picha ya maneno yote ya Travis wasije wakayapoteza, wakamtumia Mwalimu Wamalwa, wakamripoti kwa Facebook, kisha Jepleting akamwachia babake kidole cha mwisho, kile cha kufunga geti. Weldon akabonyeza taratibu, akahakikisha limefungwa. Halafu wakamaliza kumkamua Chelel pamoja, kwa kuwa maziwa ya chai yalikuwa yakingojewa jikoni.